Haba na Haba, Bandu Bandu: Tafakuri Kuhusu Umaskini Kutoka Lopur

Wahenga walikuwa na mengi ya kusema juu ya maskini, na si yote yaliyokuwa ya huruma. Walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Walisema mchumia juani hulia kivulini. Walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tunaosoma Kiswahili tulifunzwa methali hizi tangu shule ya msingi, tukazikariri na kuzitungia insha, na aghalabu insha hizo zilimalizika kwa namna moja: mwenye bidii akafaulu, mvivu akajuta. Mimi pia nilizitunga na nikapata alama nzuri. Hata hivyo, kila niliporudi nyumbani wakati wa likizo nilikuta watu waliochumia juani maisha yao yote bila kukiona hicho kivuli, sembuse kula ndani yake.

Kwetu ni Lopur, wadi iliyo Turkana Magharibi, jirani na mji wa Kakuma. Kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Nchi ni tambarare yenye migunga, mawe na vumbi, nayo hukatwakatwa na laga. Laga, kwa msomaji asiyetoka nyanda kavu, ni mto usiokuwa na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ikinyesha milimani, laga hufurika kwa saa chache na kubeba kila kitu, kisha hubaki mchanga mtupu. Laga kubwa ya upande wetu ni Tarach. Katika mchanga wake akina mama huchimba visima kwa mikono, na kiangazi kinapozidi ndivyo visima vinavyozidi kwenda chini. Mmoja huingia ndani akachota kwa bakuli, mwingine hupokea na kujaza mtungi. Maji yakishafika nyumbani, mama huyo huyo hutoka tena kutafuta kuni, au kuchoma makaa ya mathenge ayapeleke Kakuma kuuza. Jua likitua, hukaa kusuka vikapu kwa majani ya mkoma. Ikiwa ajizi ndiyo nyumba ya njaa, basi njaa ya Lopur imepanga katika nyumba isiyokuwa yake.

Ndugu msomaji, sikukusudia kuandika malalamiko. Ninalotaka kulijadili ni swali moja tu: kwa nini mtu mwenye akili timamu, afanyaye kazi toka alfajiri hadi usiku, abaki maskini, na mtoto wake vilevile, na mjukuu wake vilevile? Nimelitafuta jibu katika vitabu vya wachumi na katika boma la wazazi wangu, na mwishowe nimeliona katika methali mbili zinazojulikana na kila mmoja wetu. Ya kwanza husema haba na haba hujaza kibaba. Ya pili husema bandu bandu huisha gogo. Methali hizi hazipingani, kwani zote mbili ni za kweli. Ila ipo mipaka katika maisha ya mtu: akiwa upande mmoja wa mpaka, hutawaliwa na ile ya kwanza, akiangukia upande wa pili, hutawaliwa na hii ya pili, hata awe na bidii ya mchwa.

Kabla ya kueleza mpaka huo, hebu tutazame takwimu kidogo. Utafiti wa serikali kuhusu bajeti za kaya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa maskini. Katika Kaunti ya Turkana idadi hiyo ilikuwa asilimia 79.4, ambayo ilikuwa ya juu kuliko ya kaunti nyingine yoyote nchini. Duniani nako, Benki ya Dunia ilianza kwa kumhesabu kuwa fukara yule aliyeishi kwa takribani dola moja kwa siku. Kipimo hicho kimepandishwa mara kadhaa, na mwaka 2025 kikafika dola 3. Kwa kipimo hicho kipya, mafukara wa dunia walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 800, na wengi wao wamo katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Takwimu hizi zina faida, kwa maana mtawala hawezi kudai kwamba hakujua. Lakini zina upungufu pia. Hutuambia ni wangapi walio chini ya mstari, wala hazituambii ni kwa nini hawavuki.

Kwa Mturkana, maskini ni mtu asiye na mifugo. Mifugo ndiyo chakula, ndiyo benki, ndiyo mahari, ndiyo bima ya uzeeni. Basi tuchukue kaya mbili. Ya kwanza ina mbuzi mia moja, ya pili ina kumi na wawili. Kiangazi kinaingia, na kila kaya inalazimika kuuza mbuzi watano ili inunue unga. Kaya ya kwanza imeuza mmoja katika kila ishirini; mvua ikirudi, watakaozaliwa wataziba pengo hilo na kulizidi. Kaya ya pili imeuza karibu nusu ya mali yake. Njaa ya kaya zote mbili ni moja, kwa kuwa tumbo la mtoto halijui idadi ya mbuzi walio zizini. Huyu wa mia moja anaishi katika haba na haba. Huyu wa kumi na wawili anaishi katika bandu bandu.

Lipo na jambo la pili. Kundi kubwa huhamishwa kufuata malisho mbali, kwa sababu maziwa na nyama yake hutosha kuwalisha wachungaji safarini na waliobaki nyumbani. Kundi dogo haliwezi hivyo. Mwenye mbuzi wachache hubaki karibu na mji, karibu na kisima na duka na chakula cha msaada, mahali ambapo nyasi zimekwisha liwa na kila mtu. Wachumi waliowachunguza wafugaji wa Kiborana kusini mwa Ethiopia waliona jambo hilo hilo katika makala waliyoichapisha mwaka 2004: kaya iliyokuwa na ng'ombe kuanzia kumi na watano hivi iliweza kuinuka tena baada ya pigo, ilhali iliyoanguka chini ya hapo iliendelea kushuka hadi kubaki na mmoja au hana kabisa. Bidii haikuwa tofauti. Tofauti ilikuwa kizingiti.

Historia ya ukoo wangu ni historia ya kizingiti hicho. Babu yangu alikuwa na ng'ombe, ngamia na mbuzi. Ukame wa mwaka 1979 hadi 1981, ambao Waturkana waliuita Lopiar, pamoja na magonjwa ya mifugo na uvamizi wa wezi, ukamfagilia zizi lote. Akajikuta kambini akingoja chakula cha msaada, kama walivyojikuta maelfu ya wenzake. Desturi yetu ilikuwa na dawa ya msiba wa namna hiyo. Mtu aliyepoteza mifugo aliwazungukia marafiki na wakwe zake, huyu akampa mbuzi, yule akampa ndama, hadi akaanza upya. Naye alijua kwamba siku moja wangemjia yeye. Babu alizunguka hivyo. Shida ni kwamba desturi ile iliundwa kwa msiba wa mtu mmoja. Ukame ukiwapiga wote kwa pamoja, unamwomba nani?

Baba yangu alianza na mbuzi wachache akafikisha takribani sitini. Ukame wa mwaka 2011 ukawapunguza. Akapanda tena kidogo. Kisha kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya kutosha, na katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Zizini kwetu walibaki tisa. Nimejaribu kuwakumbuka waliouzwa, mmoja mmoja. Wawili waliuzwa nyanya alipolazwa hospitali. Mmoja aliuzwa ili ninunuliwe godoro na sanduku la shule ya bweni. Watatu waliuzwa wakiwa wamekonda, kwa sababu wangekufa hata hivyo. Sioni hata uamuzi mmoja uliokuwa wa kijinga. Kila mbuzi aliuzwa kwa sababu nzuri, na kwa sababu nzuri hizo gogo likaisha.

Tena soko lenyewe humgeuka maskini. Kiangazi kikikaza, kila mtu hupeleka mbuzi sokoni siku moja, na bei ya mbuzi huanguka. Wakati huo huo kila mtu anatafuta unga, na bei ya unga hupanda. Aliye na akiba husubiri; hununua mbuzi kwa bei ya chini na kumuuza mvua ikinyesha. Asiye na akiba hufanya kinyume chake, si kwa kuwa hajui hesabu, bali kwa kuwa watoto hawawezi kusubiri mvua.

Msomaji huenda akauliza: je, serikali na wafadhili hawakufanya lolote? Walifanya, na hapa ndipo penye funzo. Kwanza, wakoloni waliifunga Turkana, mtu akahitaji kibali kuingia na kutoka, na wakaitazama kama ukingo wa kulindwa, si nchi ya kuendelezwa. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulishauri kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale zitakapoleta mavuno makubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, shauri hilo lina mantiki. Lakini lina maana kwamba aliye juu ya kizingiti aongezewe, na aliye chini yake angoje. Turkana ilingoja.

Kisha yakaja mambo makubwa makubwa. Huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, Norway iligharimia kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa gharama ya takribani dola milioni 22. Kilifanya kazi siku chache tu. Umeme na maji safi ya kukiendesha viligharimu kuliko samaki wenyewe, na miaka michache baadaye Ghuba ya Ferguson, walikovuliwa samaki hao, ikakauka. Mwaka 1991 bwawa la Turkwel likakamilika, na umeme wake ukasafirishwa kwenda kwenye gridi ya taifa, huku mji wa Lodwar ukiendelea kwa miaka mingi kutegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2012 mafuta yakagunduliwa Lokichar, na mwaka 2019 shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo. Sheria ya Mafuta ya mwaka huo iliiwekea jamii ya eneo asilimia 5 ya mapato ya serikali. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi kuna hazina kubwa ya maji. Baadaye vipimo vikaonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi.

Sisemi kwamba miradi hii yote ilikuwa ya hila. Nasema kwamba yote ilifanana katika jambo moja: iliwaza juu ya kitu, yaani samaki, umeme, mafuta na maji, wala haikuanza na kaya yenye mbuzi tisa. Haikuuliza kaya hiyo inahitaji nini ili isiuze wa kumi. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Turkana ikawa miongoni mwa kaunti zinazopokea mgao mkubwa, na zahanati na madarasa yameongezeka. Hayo ni mema. Ila miaka michache haifuti miaka mia moja.

Jirani zetu wa Kakuma nao hutufunza jambo. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa ili wakimbizi na wenyeji waishi na kuhudumiwa pamoja. Leo wakimbizi ni takribani 300,000. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba matumizi katika soko la kambi na mji yalifikia shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na kwamba palikuwa na maduka zaidi ya 2,000. Mama wa Lopur huuza kuni na makaa kambini, na mara nyingi hulipwa kwa unga au mafuta ya mgao. Hivyo mgao wa mkimbizi huchemka pia katika chungu cha mwenyeji. Mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake, mgao wa chakula ukashushwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Kambini watu waliandamana. Kwetu hakuna aliyeandamana, maana kwetu hapakuwa na kadi ya mgao; lakini makaa yalikosa wanunuzi. Mkimbizi asiyeruhusiwa kwenda kutafuta kazi atakako, na mwenyeji asiye na mifugo ya kumpeleka kokote, wote wawili wako upande ule ule wa mpaka.

Je, mpaka huo hauvukiki? Unavukika. China ilianza mageuzi yake mwaka 1978, na katika miongo minne watu wanaokaribia milioni 800 wakatoka katika ufukara. Nchini Bangladesh, shirika la BRAC lilianzisha mwaka 2002 mpango wa kuwapa akina mama mafukara ng'ombe au mbuzi, pamoja na posho ya muda, mafunzo na mtu wa kuwatembelea. Wachumi walipowafuatilia akina mama hao kwa miaka mingi, waliona kizingiti kile kile. Waliopewa mali ya kutosha kuwavusha waliendelea kupanda hata baada ya mpango kwisha; waliobaki chini kidogo ya mpaka waliteleza wakarudi walikotoka. Mipango ya namna hiyo ilijaribiwa baadaye katika nchi nyingine, ikiwemo Ethiopia, na matokeo yakatia moyo.

Kwetu pia kuna mianzo. Kwa miaka mingi kaya kadhaa za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zimekuwa zikipokea fedha taslimu chini ya mpango wa kukinga njaa, na mwaka 2015 serikali ilileta Turkana na Wajir bima ya mifugo inayotazama ukavu wa malisho kwa setilaiti na kulipa kabla mifugo haijafa. Ninaiheshimu mipango hii. Fedha kidogo za kila miezi miwili zimezuia mbuzi wengi wasiuzwe. Lakini yafaa tutofautishe msaada wa kumwezesha mtu asife na msaada wa kumwezesha avuke. Wa kwanza hupunguza makali ya shoka. Gogo bado linabanduliwa. Wa pili huhitaji mengi kwa mara moja, katika wakati unaofaa, na bima ya kumlinda aliyevuka asisukumwe nyuma na kiangazi cha kwanza.

Mimi ninahesabiwa kuwa nimetoka. Niko chuo kikuu. Nyumbani jina langu hutajwa watoto wanapohimizwa kusoma. Basi niseme ukweli wa kutoka huko. Likizo iliyopita dada yangu, aliye kidato cha tatu, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wale mbuzi tisa, watano wao wakiwa majike ya kuzaa, wakawa mezani. Mama alitaka wauzwe. "Mwanangu," aliniambia, "mbuzi hufa kwa kiangazi. Alichosoma mtoto hakifi." Kaka yangu mkubwa akakataa kwa adabu: "Mama, majike haya yakiisha, likizo ijayo atarudi kula nini?" Nilikaa kati yao nisijue la kumjibu yeyote, kwa kuwa wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo umaskini ulipo hasa: mtu kulazimishwa achague kati ya mema mawili, naye akichagua lolote, apungukiwe.

Tulikubaliana kwamba mbuzi wasiguswe. Karo nikailipa kwa sehemu ya mkopo wangu wa masomo, iliyokuwa ya kodi ya nyumba, na muhula huu nimejibana na wenzangu watatu katika chumba kimoja. Dada yuko darasani. Majike mawili yana mimba. Muhula ujao karo nyingine itadaiwa, na mkopo wenyewe nitaulipa nikipata kazi, pamoja na riba yake. Kwa hiyo hata mimi ninayedhaniwa nimekwisha vuka, bado nauza mbuzi. Tofauti ni kwamba wangu hawajazaliwa.

Nawaandikia wanachama wenzangu haya kwa sababu wengi wetu tutakuwa walimu. Tutasimama mbele ya madarasa, tutaandika ubaoni kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na katika madawati ya nyuma atakuwapo mtoto aliyeamka saa kumi za usiku kwenda kisimani. Sidai methali hiyo ifutwe. Wavivu wapo, Lopur na kwingineko, matajiri na maskini. Naomba tu kwamba siku hiyo tuifundishe pamoja na bandu bandu huisha gogo, na tumwachie mtoto yule nafasi ya kueleza ni ipi kati ya hizo mbili inayokaa kwao.